Ukumbi wa kamari unapohama: sera za halmashauri New Zealand

Chukulia baa moja kwenye mtaa wa kipato cha chini nchini New Zealand inafungwa. Ndani yake kulikuwa na mashine tisa za kamari, na wenye mashine wanataka kuzihamishia jengo jingine, mitaa miwili mbele. Kabla serikali kuu haijatoa leseni, halmashauri lazima iridhie, nayo inafuata sera iliyopitishwa na madiwani.

Sheria ya Kamari ya 2003 inaitaka kila halmashauri iwe na sera ya kumbi hizi na kuipitia upya kila baada ya miaka mitatu. Katika kuiandaa, izingatie athari za kamari kwa wakazi wake na kupokea maoni ya wananchi. Sera inaweza kuzuia kumbi mpya, kupanga zikae wapi, na kupunguza idadi ya mashine chini ya ukomo wa kisheria: tisa kwa ukumbi uliopata leseni baada ya Oktoba 17, 2001, na 18 kwa wa zamani. Haiwezi kuufunga ukumbi uliopo kihalali. Ndiyo maana halmashauri kadhaa, ikiwemo Auckland tangu 2013, zimechagua njia ya subira: ukumbi ukifa, nafasi yake haijazwi.

Wanaopinga njia hiyo wana hoja nzito. Mashine za kwenye baa humilikiwa na taasisi zisizogawana faida, na angalau asilimia 40 ya mapato lazima irudi kwa jamii, kwa mfano kama ruzuku kwa vilabu. Katibu wa klabu ya raga ya watoto anayeiomba halmashauri ilegeze sera hatetei kamari. Anatetea jezi na nauli za watoto. Tena wanasema mchezaji akikosa mashine atahamia kucheza kamari kwenye simu, ambako diwani hana mamlaka.

Naielewa hofu ya katibu huyo, lakini nauliza fedha hiyo imetoka mfukoni mwa nani. Mashine nyingi ziko katika maeneo yenye umaskini, na madhara yanawaangukia Wamaori, wenyeji asilia wa nchi hiyo, na watu wa visiwa vya Pasifiki kupita idadi yao. Klabu inayopata ruzuku si lazima iwe ya mtaa uliopoteza. Na suala la simu, ambalo ni la kweli, linahitaji sheria ya taifa. Halimpi diwani sababu ya kuacha mashine zibaki karibu na nyumba za watu wanaoishi kwa posho ya serikali.

Kipengele ninachoona kinaamua mengi ni cha kuhamisha ukumbi. Marekebisho ya 2013 yaliitaka kila halmashauri, katika mapitio yake ya kwanza baada ya hapo, ijadili kama itaruhusu uhamisho, na kila inapolijadili lazima ipime athari za kamari kwa maeneo maskini. Sera inayokataza kumbi mpya huku ikiruhusu zilizopo kuhama ovyo haipunguzi mashine hata moja. Ila kukataza kabisa nako kuna gharama, kwa sababu ukumbi ulio katikati ya umaskini unabaki pale pale miaka mingi. Mimi ningeruhusu uhamisho wa upande mmoja tu, kutoka mtaa maskini kwenda kwingine, na usiwepo wa kurudi.

Maduka ya TAB, yanayopokea dau za mbio za farasi na michezo, yana sera yake ya lazima chini ya Sheria ya Sekta ya Mbio ya 2020, nayo hupitiwa kila miaka mitatu. Lakini sera hiyo inahusu tu jengo la TAB ambalo shughuli yake kuu ni kubeti. Mashine ya TAB ya kuwekea dau iliyowekwa pembeni ya kaunta ya baa haihitaji ridhaa ya halmashauri. Madiwani wanaweza kupiga kura ya kutoruhusu duka jipya la TAB hata moja, na wiki hiyo hiyo mashine kama hiyo ikafungwa kwenye baa iliyo jirani na ofisi zao.