Maboksi Yapo, Orodha Haipo

Kinachonikera kwenye masijala za taasisi za umma si vumbi, wala si kusubiri kibali. Ni kukosekana kwa orodha. Unaandika barua, inagongwa muhuri, unafika, halafu unaambiwa, "Tafuta humo humo." Humo ni stoo yenye maboksi yasiyo na namba.

Juzi nilifungua faili la mihtasari ya vikao. Pini za stepla zilikuwa zimeshika kutu, na kutu imekula karatasi hadi ikaacha matundu palipokuwa na majina ya wajumbe. Niliumia. Pini zile zingetolewa mapema, majina yangesomeka leo. Karatasi nyingi za kuanzia katikati ya karne ya 19 zina asidi ndani yake. Zenyewe tu zinageuka njano na kukatika, sembuse zikipata unyevu.

Na wanaopanga upya barua za zamani kwa kufuata alfabeti, tafadhali, acheni! Mfuatano wa asili ndio unaoonyesha nani alimjibu nani na uamuzi ulianzia wapi. Ukishavurugwa, haurudi.

Daftari moja tu, lenye namba ya boksi na miaka yake. Hilo nalo linashindikana?