Kujitolea au saiti? Injinia mpya na kazi ya kwanza Zanzibar

Ukimaliza digrii ya uinjinia hapa kwetu, ushauri wa mwanzo utakaopewa barazani, kwenye magrupu ya WhatsApp na kwa mjomba wako anaefanya kazi wizarani ni ule ule: nenda kajitolee. Yaani upeleke barua taasisi ya serikali, uambatanishe barua ya sheha, kopi ya ZanID na vyeti, ukikubaliwa uwe unakwenda kazini kila siku asubuhi kama wenzio, ila mwisho wa mwezi wenzio wanapopata meseji ya benki wewe unapata ya mtandao wa simu inayokukumbusha kununua bando. Hoja yao ni kwamba ukionekana ukazoeleka, nafasi ikitoka watakuchukua wewe. Upande wa pili wapo wanaosema huko ni kutumikishwa bure, bora ukamate saiti yoyote ya ujenzi hata kwa pesa ya siku. Mie naegemea kwa hawa wa pili lakini sababu zangu si zao, na hawa wa kujitolea wana hoja moja nzito ambayo watu wa saiti wanairuka juu juu.

Hoja yenyewe ni udogo wa nchi. Umeme hapa ni shirika moja, ZECO, maji ni mamlaka moja, ZAWA, basi. Mtu wa umeme kule Bara akiikosa TANESCO ana migodi, ana viwanda vya saruji, ana mabwawa ya kuzalishia umeme. Huku kwetu umeme mwingi hatuzalishi wenyewe, tunaletewa kwa waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni unaibukia Fumba na kwenda Mtoni kwa kilovolti 132, na Pemba wanaletewa kutoka Tanga tangu 2010. Waya wa mwanzo wa Unguja ulilazwa 1980 na wenye umri wanakumbuka ulivyotutenda, mwezi mzima wa giza 2008, halafu tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ndo 2013 tukapata ule mpya wa megawati 100. Sasa kijana kasoma miaka minne habari za majenereta makubwa na tabaini, anarudi nyumbani hakuna mtambo hata mmoja wa maana wa kwenda kuushika, kilichopo ni usambazaji, ile laini ya kilovolti 33 na ya 11 na matransfoma yake, na vyote hivyo viko nyuma ya geti moja. Fundi wa mtaani atakufundisha waya za ndani ya nyumba vizuri tu, lakini swichigia, ile mitambo ya kukatia na kuwashia umeme mkubwa, huikuti mtaani, utaikuta kwa vishoka labda, na huko si pa kujifunzia, huko ni pa kufia.

Kwa hiyo mtu wa umeme au wa maji akiniambia nakwenda kujitolea simcheki, mlango ni huo na hauna mwenzake. Tena matangazo ya kazi nayo yanachekesha, nafasi ya kuanzia halafu inataka uzoefu wa miaka miwili mitatu, sasa huo uzoefu aupate wapi kama hata bure hatakiwi kuingia?

Lakini tuliangalie lile la "utaonekana" maana ndo linalowaweka watu. Nafasi za serikali zinatangazwa, watu wanaomba kwenye mfumo, Tume ya utumishi inaita usaili, mnaandika na mnahojiwa. Kama usaili ni wa haki, basi anaeshinda ni anaejua kazi, na swali linakuwa ni wapi utaijua kazi zaidi, hapo ofisini au kwengine. Na kama usaili si wa haki, kama ni vimemo na kujuana kama watu wanavyonong'ona, basi mwenye mtu wake atapita hata kama hajajitolea siku moja, na wewe wa kujitolea utakuwa shahidi wa kumpokea na kumuonyesha choo kiko wapi. Kunabaki hali moja tu ambayo kujitolea kunakusaidia kwa kuonekana, nayo ni bosi aliekuzoea akakupigania kwa moyo wake. Hilo linatokea, sikatai, nimeliona. Ila bosi nae anahamishwa.

Kuna kijana mmoja wa Micheweni, Pemba, namjua, kasoma ujenzi, karudi kaenda kujitolea taasisi moja hapa mjini, siitaji. Mwezi wa mwanzo walimtembeza kwenye miradi wakapiga picha. Baada ya hapo kazi yake ikawa kupiga kopi, kuchapa mihutasari ya vikao, kuingiza majina ya mafundi kwenye Excel, na kwa sababu anaijua kompyuta kuliko wakubwa zake akawa ndo daktari wa printa wa jengo zima. Watu wanampenda, "injinia njoo wino umekwama". Mwaka wa pili unakwisha hajashika dampi levo, kile chombo cha kupimia usawa wa ardhi. Akaitwa usaili kwengine akaulizwa swali la kawaida kabisa, kyubu za siku saba, yale matofali ya zege ya kupimia nguvu, zimetoka chini, utafanya nini na zege tayari liko juu? Akajibu ya kitabuni, wenzake wawili waliotoka saiti wakajibu ya saiti. Yeye mwenyewe kanihadithia, na hakumlaumu mtu.

Hilo swali la kyubu nalipenda kwa sababu linaonyesha tofauti yote. Ukiwa saiti siku ya kumwaga zege unaamka alfajiri, unasimamia mixa, unaangalia maji mafundi wasiongeze kiholela (na wataongeza ukigeuka, maana zege la maji ni jepesi kulisukuma), unafanya slampu, yaani unapima ulaini wa zege, kwa kile kikoni cha milimita 300, unajaza kyubu za 150 kwa 150 tabaka tatu unazishindilia, unaziandika tarehe na sehemu zilikotoka, kesho yake unazifungua unaziweka majini. Siku ya saba zinakwenda kuvunjwa, siku ya 28 nyengine. Kama ni zege linalotakiwa kufikia nguvu ya 25 siku ya 28 na siku ya saba umepata kumi na tatu, hulali. Unarudi kwenye daftari lako, mchanga ulitoka wapi siku ile, maana mchanga Unguja nao ni kadhia, serikali inaubana kwa sababu mashimo yanakwisha, na kontrakta akiukosa hukosi kuona tripu moja imekuja ya rangi nyengine yenye udongo ndani. Mtu aliepita hapo mara kadhaa humfundishi tena kuhusu zege, na usaili wowote anaingia kifua mbele.

Na saiti zipo. Kila mtu anaziona, barabara za Unguja na Pemba, Fumba inavyoota majumba, uwanja wa Amaan ulivyofumuliwa ukafunguliwa tena Disemba 2023, na hii AFCON ya 2027 tunayoipokea pamoja na Kenya na Uganda nayo inakuja na ujenzi wake. Sasa hapa ndo watu wa saiti wanapotia chumvi, wanakwambia kazi kibao, nenda tu. Si kweli hivyo. Kontrakta mkubwa wa nje anakuja na mainjinia wake, anachotafuta kwetu ni watu wa kupima, wa kusimamia genge, wa kuendesha mitambo, na kwa kazi hizo mwenye diploma wa chuo cha KIST pale Mbweni alieshika totali steshini, ile mashine ya kupimia, toka akiwa chuoni anakuacha mbali wewe na digrii yako. Nimewasikia wahitimu wanalalamika "tumechukuliwa nafasi na mafundi sanifu". Hamjachukuliwa, mmepitwa. Kama unataka kuingia hapo ingia kwa mlango wa yule wa diploma, upime, ubebe staafu (ile rula ndefu ya kupimia) juani, baada ya miezi kadhaa wataona kwamba unaweza pia kusoma mchoro na kupiga hesabu za nondo. Wapo wanaoona aibu, "mimi injinia nibebe staafu?", sawa, kaa barazani na uinjinia wako.

Ubaya wa saiti upo na si mdogo. Makontrakta wadogo wengi hawakupi mkataba, unalipwa kwa siku na siku yenyewe inalipwa ikipatikana, mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, huchangiwi, kofia ya saiti unanunua mwenyewe. Sheria ya Ajira ya Zanzibar namba 11 ya 2005 ipo, lakini sheria haishuki kutoka kwenye kabati kuja kukudai mshahara wako. La hatari zaidi ni pale unapoitwa "saiti injinia" wakati juu yako hakuna injinia, kuna mwenye pesa na foremani. Unapewa mchoro usiojua nani kauchora, unaambiwa punguza nondo, unaambiwa saini hapa. Kijana wa miaka 24 anatia saini jengo la ghorofa nne! Ikitokea nyufa atatafutwa yeye. Hapo bora hiyo printa.

Ndo maana mie naona swali la kujitolea au saiti limekaa vibaya. Cha kuuliza ni nani yuko juu yako. Usajili wako wa uinjinia unategemea hilo, Bara kuna ERB, bodi ya kusajili mainjinia, iliyoundwa kwa sheria ya 1997 na wana ule mpango wa mafunzo ya wahitimu, SEAP, tangu 2003, miaka mitatu chini ya injinia aliesajiliwa, na huku tuna bodi yetu ya wasanifu, wahandisi na wakadiriaji majenzi. Kote wanataka kujua umefanya kazi gani na nani alikusimamia. Ukijitolea ZAWA au popote chini ya injinia anaekutoa kwenda kwenye visima na pampu na kukusainia daftari kila wiki, saa yako inatembea ingawa mfukoni hamna kitu. Ukilipwa vizuri kwa kontrakta asie na injinia, saa imesimama.

Halafu kuna suala la nani analipia. Kujitolea si bure, analipia mzee wako. Nauli ya daladala kwenda na kurudi, chakula cha mchana, shati la kuvaa ofisini, bando la intaneti maana ofisi nyengine hata hiyo unatumia yako. Kijana wa Kikwajuni au Mpendae analala kwao, anakula kwao, anaweza kujitolea mpaka achoke. Wa Konde au Makangale, Pemba, aliekuja na boti analipa chumba, na mama yake ndo anauza kuku na karafuu za msimu ili mtoto akafanye kazi ya serikali bila ya mshahara. Mwaka 2022 kima cha chini cha serikali kilipanda kutoka 300,000 hadi 347,000, na huyu injinia wa kujitolea anaisoma habari hiyo hapati hata 50,000 ya nauli. Matokeo yake ni kwamba watakaobaki kwenye foleni mpaka nafasi itoke si waliofaulu vizuri, ni wenye kwao mjini. Sijasikia mtu analisema hili kwenye vikao vya ajira za vijana, wanasema vijana hawana uvumilivu.

Kwa wasichana naomba nisijifanye najua sana, ila nnaowajua wengi wao baba hakatai uinjinia, anakataa saiti, na akiulizwa anataja jua na wanaume. Ukweli mara nyingi tatizo ni dogo na la aibu, saiti hazina choo cha wanawake na daladala za kurudi usiku hakuna. Kontrakta akitatua hayo mawili wazazi wengi wanalainika. Mpaka hapo ofisi inabaki kuwa ndo chaguo lao, na mie siwezi kumwambia dada wa watu "acha ofisi nenda saiti" wakati sitompeleka mimi.

Watu wa mekaniko wao wana njia wanayoidharau bila sababu, mahoteli. Nungwi, Paje, Kiwengwa, kila hoteli kubwa ina jenereta, ina viyoyozi mamia, pampu za bwawa la kuogelea, boila, na nyengine zina mashine za kuchuja maji ya chumvi. Mkuu wa matengenezo anaitwa chifu injinia hata kama hana digrii, na wengi hawana, lakini ukikaa nae msimu mmoja wa wageni utajua kwa nini pampu inapiga kelele kabla hujaifungua. Wahitimu wanasema "hiyo kazi ya kubadilisha taa". Miezi ya mwanzo ndio, utabadilisha taa. Tatizo la huko ni lile lile la juu, injinia aliesajiliwa wa kukusainia humpati kirahisi, kwa hiyo kama unalenga usajili usikae sana.

Kama bado unakwenda kujitolea, ombi langu ni kwamba hiyo barua usiiandike kama unaomba sadaka. Andika unataka muda gani, miezi sita tuseme, na tarehe ya mwisho iwemo. Omba jina la injinia atakaekusimamia na namba yake ya usajili. Andika kwamba utakuwa na daftari la kazi litakalosainiwa kila wiki, na angalau siku tatu kwenye wiki uwe fildi. Omba nauli, wakikataa nauli vumilia, wakikataa jina la injinia usivumilie. Kuna wakubwa wataikubali barua kama hiyo bila shida, nao walipita huko huko. Na kuna watakaokwambia "hatuna utaratibu huo kijana, we njoo tu", hao waachie wenye kwao Kikwajuni.