Kitabu cha familia kisiwe albamu ya harusi

Nimeshaonyeshwa vitabu kadhaa vya familia zilizoamua kuchapa kumbukumbu zao hapa mjini Tanga, na vyote vimefanana kama sare za shule. Jalada linang'aa. Ukurasa wa kwanza babu na vyeo vyake, halafu picha za harusi, halafu orodha ya watoto na wajukuu, mwisho shukrani kwa kamati. Karatasi nzuri haina ubaya. Ila unafungua kitabu kizima, kurasa kwa kurasa, na humsikii mtu hata mmoja akiongea.

Mimi nasema chapeni porojo. Nina maana ya yale yanayoandikwa kwenye grupu la familia kila siku bila mtu kujiweka sawa: bei ya changu pale soko la samaki la Deep Sea asubuhi, nani kalala hospitali na nani kampelekea uji, mtoto wa nani kapata jino, shangazi wa Muheza akitangaza kwamba machungwa yameingia kwenye basi na kapu la juu si la watu wa Ngamiani, wasiliguse. Wajukuu zetu watajua tulivaa nini kwenye harusi, maana picha zimejaa kila mahali. Tulivyokuwa tunasemezana siku ya Jumanne isiyo na jambo lolote, hilo hawatalipata popote tusipowawekea.

Na sisi wa Tanga ndio hasa tusiopaswa kubembelezwa katika hili. Shaaban Robert, mtoto wa Machui, alikuwa karani wa serikali, na kwa miaka mingi alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Mambo ya nyumbani, fedha, kazi yake ya uandishi. Zilikuwa barua za kaka kwa mdogo wake, basi. Ulenge alizitunza. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikazitoa kama kitabu, barua za kuanzia 1931 hadi 1958, miaka 40 baada ya mwenyewe kufariki. Mashairi yake tulikuwa tunayo siku zote. Kwenye barua tunamkuta mtu mwenye mahitaji na hesabu zake kama sisi. Sasa nambieni, Ulenge angehifadhi picha ya kaka yake akiwa amevaa vizuri, barua akawashia jiko, tungekuwa na nini?

Wengine hunijibu kwamba maneno ya grupu yako salama kwenye simu, hayahitaji karatasi. Simu ya nani? Ya kuibiwa stendi au ya kuzama baharini Raskazone? Hata hao wenye mitambo mikubwa hufunga duka. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungiwa watu wa kawaida Aprili 2019, na waliokuwa wameweka picha humo walipewa muda wa kuzichukua, ukipita umepita. Google hiyohiyo leo ina kanuni kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa. Fikiria marehemu. Nani anaingia kwenye akaunti ya marehemu? WhatsApp nayo ina kitufe cha kufanya meseji zipotee zenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na kila familia ina kijana mmoja anayependa kubonyeza vitufe.

Kazi yenyewe huanza kirahisi. Unaiambia WhatsApp ikutolee mazungumzo, inakupa faili la maandishi matupu lenye tarehe, saa na jina. Hapo ndipo kichekesho kinapoanza, kwa sababu majina hutoka kama yalivyoandikwa kwenye simu ya aliyetoa faili. Kwenye kitabu cha familia yetu, faili lilitoka kwenye simu ya binamu, kwa hiyo shemeji yetu mmoja anaongea kitabu kizima kwa jina la "Fundi Bomba Mpya". Kubalianeni jina moja kwa kila mtu kabla ya kupanga kurasa, na mwanzoni wekeni ukurasa wa nani ni nani. "Mama mdogo" leo kila mtu anamjua. Baada ya miaka thelathini patakuwa na mama wadogo saba, na msomaji hatajua ni yupi aliyekataa kupanda boti ya Pangani.

Halafu kuna wazee, na hapa ndipo kitabu kinapofaulu au kufa. Wazee hawaandiki, wanatuma voisi. Shangazi akibonyeza kile kimaiki, hakiachi mpaka habari iishe, na habari ya shangazi ina vituo vingi njiani. Faili la maandishi halina hata neno lake moja, lina alama tu ya kwamba hapa palikuwa na sauti. Ukichapa hivyo, utakuwa na kitabu cha vijana wanaojibu "sawa shangazi" na shangazi mwenyewe hayumo. Kwa hiyo mtu akae, asikilize, aandike. Ni kazi ndefu, na naomba asipewe mtu mwenye haraka, wala mwalimu wa lugha. Sisi tunaye mwalimu kwenye ukoo, kijana mzuri tu, alianza kumnyoosha bibi sentensi. Alipomaliza ukurasa wa kwanza bibi alikuwa anaongea kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Tukamnyang'anya. Bibi anachanganya Kibondei chake na Kiswahili, anakatiza hadithi kumfukuza kuku, anarudi palepale alipoishia. Kuku abaki. Hata wale watoto wanaoandika "xaxa" badala ya "sasa" tumewaacha na x zao, ingawa mimi zinaniuma macho.

Cha kukata kipo, tena kingi. Maua ya "asubuhi njema" yaliyosambazwa kutoka grupu jingine, kateni. Dua za "tuma kwa watu kumi", kateni bila huruma. "Pole sana" zikifuatana arobaini, acheni mbili tatu. Lakini ugonjwa wa mtu, deni la mtu, ndoa iliyovunjika, hayo ni mali ya mwenyewe. Muulizeni. Kama hayupo, waulizeni wanawe. Ugomvi wa shamba la Mabokweni kwetu umeingia kwa ridhaa ya pande zote mbili, kila upande ukiamini kwamba kitabu kitathibitisha kuwa wao ndio waliokuwa na haki.

Kuhusu picha sitasema mengi. Picha iliyopita WhatsApp imeshapunguzwa, na mchapaji mzuri anataka nukta 300 kwa kila inchi. Yenye upana wa pikseli 1,600 itatoka safi kwa sentimita 13 hivi, inatosha kitabu cha A5, haitoshi ukurasa wa A4. Zile mnazozipenda sana ombeni aliyepiga azitume upya kama dokumenti. Rangi ni ghali, zikusanyeni kurasa za picha pamoja, maneno yachapwe kwa wino mweusi.

Mweusi wa tona, ile poda ya printa za leza, hilo sisitizeni. Wino wa maji wa printa ndogo za nyumbani huyeyuka ukiguswa na unyevu, na hewa yetu ya pwani mnaijua. Spirali ya chuma itashika kutu. Kitabu cha gundi peke yake kikifunguliwa na watoto wa nyumba nzima, kurasa hung'oka, kwa hiyo tafuteni fundi wa kubaindi anayeshona kwanza ndipo apake gundi. Nakala zisikae nyumba moja. Mchwa hawachagui. Moja iende Muheza, moja kwa ndugu wa Dar, moja kwa aliyeko Muscat.

Na ISBN, ile namba ya utambulisho wa vitabu, msihangaike nayo, hamuendi kuuza.

Jambo la mwisho ni la kiufundi, ila mimi nalipenda kuliko yote. Kijitabu cha karatasi zilizokunjwa huhesabika kwa nne nne, kwa hiyo mara nyingi mwishoni hubaki kurasa tupu. Mchapaji atawauliza kama ajaze kwa picha. Mwambieni aziache. Baba mkubwa ameshaitumia ya kwanza katika nakala yetu, kwa kalamu ya bluu na sahihi chini, kukanusha kwamba aliwahi kusema nazi za Pangani hazina tui. Ukurasa wa 61 unaonyesha alisema, na saa ipo.