Chumba kimoja Ganjoni, na sijutii

Chumba ninachokaa Ganjoni, mjini Mombasa, ni hatua saba kutoka mlangoni hadi dirishani. Kitanda, meza, mtungi mdogo wa gesi, choo na bafu nyuma ya ukuta, basi. Mamangu alipokuja kukiona alisimama kizingitini akauliza, "Mwanangu, wageni utawakalisha wapi?" Sikuwa na jibu. Mtwapa nilikotoka nilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule na kibaraza cha kuanika nguo, kwa shilingi 14,000. Bedsita hii nailipia 13,000. Wenzangu kazini wanasema nimepunjika. Mimi nasema nimepata.

Matatu ya Mtwapa ilikuwa ikinila shilingi 100 asubuhi na 100 jioni, na mvua ikinyesha kondakta hupandisha atakavyo. Kwa siku 26 za kazi hizo ni 5,200. Nyumba ile ilikuwa ya 19,200, ila sehemu moja nailipa kidogo kidogo kila siku, ndiyo maana sikuiona. Na hapo sijahesabu saa. Mombasa mjini ni kisiwa. Watu wa Mtwapa, Bamburi na Kisauni wote twakutana kwenye Daraja la Nyali, lile lililofunguliwa 1980. Lori moja likiharibika pale, umechelewa kazini na huna wa kumlaumu.

Sasa natembea. Dakika 15 kutoka kwangu, napita Mapembeni penye zile pembe kubwa za ndovu, nafuata Moi Avenue hadi Digo Road. Jioni naingia soko la Marikiti, nanunua nyanya nne, kitunguu, fungu la mchicha, kiasi cha usiku ule tu, kwa kuwa sina friji na siihitaji. Asubuhi mahamri na mbaazi nazipata kwa mama mmoja kwenye kona, zingali moto. Jumapili nateremka Mama Ngina kupunga upepo wa bahari bila kutoa nauli. Nimewajua watu kwa majina tangu nilipoanza kwenda kwa miguu, jambo ambalo miaka mitatu ya Mtwapa haikunipa.

Lakini kutembea Mombasa ni suala la kivuli, na hapa ndipo ninapoudhika. Nenda Mji wa Kale saa saba mchana, wakati wa kaskazi, jua la Januari likiwaka. Vichochoro ni vyembamba, nyumba zinatiana kivuli, kuta za mawe ya matumbawe ni nene na ndani kuna ubaridi. Nje ya mlango kuna baraza. Mzee akichoka anakaa, hamna anayemfukuza. Waliojenga vile walijua kwamba mtu atakwenda kwa miguu. Kisha rudi upande wetu uangalie majumba mapya ya bedsita. Kila chumba dirisha moja, nalo linatazamana na ukuta wa jirani. Upepo unaingia wapi, na ukiingia utatokea wapi? Mpangaji anazidishiwa bili ya umeme kwa feni inayozunguka usiku kucha, kwa sababu mchoraji wa ramani alitaka kubana chumba kimoja zaidi kwenye ghorofa. Njia ya waenda kwa miguu nayo imegeuzwa maegesho, hata mama mwenye mtoto mgongoni inambidi ashuke barabarani apishane na tuktuk. Naona ni dhuluma. Kodi ya mjini twailipa kwa ajili ya kutembea, halafu pa kutembea panachukuliwa.

Kwa hiyo anayetafuta chumba, akione saa nane mchana, asikione jioni. Ghorofa ya juu kabisa chini ya zege ni tanuri. Afungue bomba mwenyewe, aonje maji: ya kisima cha hapa kisiwani mara nyingi yana chumvi, na ya mfereji huja kwa zamu, kwa hiyo aulize tangi ni la lita ngapi na linagawanywa kwa vyumba vingapi. Mimi sikuuliza. Wiki mbili za kwanza nilinunua maji ya mkokoteni, dumu la lita 20 moja baada ya jingine, na kuyapandisha ghorofa tatu kwa mkono.

La dipoziti ndilo linaloniuma zaidi. Chumba changu cha kabla ya Mtwapa, hapa hapa kisiwani, mwenye nyumba alikataa kunirudishia hata senti, akidai rangi, na rangi yenyewe niliikuta imebanduka. Nilipotaka kushtaki nikagundua kwamba Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inayompa mpangaji baraza lake la kusikiza malalamiko, inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Bedsita ya 2,500 mjini Mombasa iko wapi leo? Kiwango hicho kinafaa kupandishwa, na wabunge wetu wa Pwani wanaweza kulianzisha hilo wakitaka. Hadi wakati huo, piga picha kila ukuta siku unayokabidhiwa ufunguo, na umtumie keateka, yule msimamizi wa jengo, siku hiyo hiyo.

Mkataba wangu unaisha Desemba. Mwenye nyumba ameshanambia ataongeza 1,000. Nimemjibu kwamba nitalipa, ila kwanza atutilie tangi la pili, na ile gari inayoegeshwa mbele ya lango letu iondolewe njiani.