Chemsha bongo za Kigoma: jibu moja linatosha?

"Stanley alikutana na Livingstone Ujiji tarehe ngapi?" Chemsha bongo ikifanyika Kigoma, swali hili huwa halikosekani, na jibu linalopewa pointi ni moja tu: 10 Novemba 1871. Mwaka hauna ubishi. Tarehe ndiyo yenye mgogoro, maana imetoka kwa Stanley. Shajara ya Livingstone inaelekeza siku za mwisho za Oktoba, na mzee huyo alikwishapoteza hesabu ya siku. Kurasa za shajara ya Stanley zilizohusu mkutano wenyewe zilichanwa. Sasa mtoto akijibu "mwishoni mwa Oktoba" anapata sifuri, wakati pengine ndiye aliyesoma zaidi ya wote ukumbini.

Hapo ndipo wanaoyapinga mashindano haya wanapopata nguvu. Wanasema yanafundisha kukariri, na mbaya zaidi, yanachagua nani akaririwe. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, aliyetangulia kumsalimu Ujiji alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na ndiye aliyetoka mbio kumpelekea bwana wake habari. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kutoka nchi ambayo leo ni Zambia hadi Bagamoyo. Susi ana swali lake katika mashindano mangapi?

Hoja hiyo naikubali. Hata hivyo, wanaosema tuyaache kabisa wananipoteza, kwa sababu tarehe ni mali. Chukua mbili za hapa hapa Kigoma: reli ya kati ilifika Februari 1914, na meli tunayoiita Liemba iliteremshwa majini Februari 1915. Ukijua moja, una namba tu. Ukizijua zote mbili, unaanza kuelewa meli kubwa namna ile ilifikaje kwenye ziwa lisilo na njia ya kupitisha meli kutoka baharini. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa kwenye makasha, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaunganishwa upya hapa. Bila reli isingewezekana. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, lakini mafundi walizipaka grisi injini zake kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mtoto asiye na tarehe hata moja kichwani ataanzia wapi kuuliza "ilikuwaje"?

Kuna faida nyingine ambayo darasa haliwezi kuitoa. Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa pale Mwanga nilimwona kijana wa bodaboda akimbana mwalimu mstaafu: "Mzee wangu, nani alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 akaambulia nafasi ya pili?" Mwalimu alikaa na kashata mkononi bila kuipeleka mdomoni. Alimkumbuka Filbert Bayi, Christchurch, 1974, dakika 3 na sekunde 32.2. Jina lililomtoroka ni la John Walker wa New Zealand, aliyemaliza wa pili nyuma ya Bayi kwa 3:32.5 wakati rekodi ya zamani ilikuwa 3:33.1. Kijana alimweleza kwa adabu, mzee akamshukuru. Swali zuri huwakutanisha watu ambao vyeti vinawatenganisha.

Kwenye sheria nina msimamo mkali zaidi, kwa sababu jibu lililopitwa na wakati linaumiza watu. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyo 2019. Mwenye kijitabu cha zamani anayetangaza "15, jibu sahihi!" mbele ya wazazi na watoto wao anapaswa kukiweka kando.

Wenzetu wa Tabora nao wana swali lao: TANU iliamua wapi, Januari 1958, kushiriki uchaguzi wa kura tatu? Tabora, pointi moja, tunaendelea. Lakini uzito wote uko kwenye ubishi wa mkutano ule wa TANU. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, tena kwa masharti ya kipato au elimu. Wapo walioona kushiriki ni kuubariki ubaguzi. Nyerere aliona kususia ni kuwaachia wengine baraza la kutunga sheria. Alishinda hoja, na Zuberi Mtemvu akajitoa kuanzisha chama chake.

Ninachopendekeza ni swali la pili baada ya jibu: "Umejuaje?" Anayetaja chanzo au kueleza sababu aongezewe pointi, na mwenye jibu tofauti lenye ushahidi asikilizwe kabla ya kukatwa. Najua litaleta mabishano na kula muda. Kijiweni muda upo. Redioni, ambako dakika zinahesabiwa, swali la Ujiji liulize mwaka, tarehe iachwe.