Usiniulize esteti ipi, niulize upande upi

Watu wanaotaka kutoka katikati ya Kampala wakajenge kwenye esteti kubwa za Wakiso, wilaya inayoizunguka Kampala, huniuliza swali moja: esteti ipi ni nzuri? Wanataka nitaje Kakungulu ya Bwebajja, au Pearl Marina ya Garuga, au Naalya, kisha waende zao benki. Siwajibu hivyo. Ndani ya lango moja kuna kilele cha kilima na kuna bonde, kuna upande uliokaliwa miaka mingi na upande ambao bado ni vichaka na vigingi vya mpima ardhi. Watu wawili wanaweza kununua mwezi mmoja kutoka kampuni moja, mmoja akatulia na mwenzake akajuta. Kwa wengi wetu nyumba ndiyo akiba ya maisha yote, kwa hiyo nalisema hili bila kumung'unya maneno: chagua upande kwa kutazama kilichokwisha kusimama hapo. Kilichochorwa kwenye ramani kiache kwanza.

Ramani za ofisi za mauzo zinapendeza. Pana shule, zahanati, uwanja wa watoto, duka kubwa, miti imepangwa barabara nzima. Lakini Kampala tumeshaona ramani ngapi? Mwaka 2007 serikali ilitia saini mkataba wa kuzijenga upya Nakawa na Naguru, mitaa ya wafanyakazi iliyojengwa zama za ukoloni, ziwe mji wa kisasa. Mwaka 2011 wapangaji waliondolewa na nyumba zikabomolewa. Miaka ikapita, na sehemu kubwa ya ardhi ile ikabaki majani matupu. Kama mradi wenye sahihi ya serikali, katikati ya jiji, umeweza kukwama hivyo, mtu anayeonyeshwa zahanati ya karatasi huko Wakiso ana haki ya kuuliza itajengwa na nani, kwa pesa ya nani, na imeandikwa wapi kwenye mkataba wake wa ununuzi. Kama haimo kwenye mkataba, usiilipie.

Kampuni nyingi huuza kwa awamu. Awamu ya kwanza huwa karibu na lango, barabara zake zimewekwa lami au angalau changarawe iliyoshindiliwa, nguzo za umeme zimefika, bomba la NWSC, shirika la taifa la maji, linatoa maji. Awamu ya tatu huwa nyuma kabisa, na bei yake ndiyo inayowavuta watu. Ploti ya futi 50 kwa 100, yaani desimali 11.5 hivi (desimali mia ni ekari moja), unaambiwa ni nafuu kwa mamilioni kadhaa. Basi unanunua, unajenga, unahamia, na unakuwa wewe na familia yako peke yenu kwenye vichaka, askari wa lango yuko mbali hata ukipiga kelele hakusikii. Malori ya mchanga na matofali yanapita mlangoni kwako miaka mingi, kila jirani mpya anapoanza msingi. Nguzo za umeme mnachangishana. Ukijumlisha nguzo, bomba, ukuta mrefu uliolazimika kuujenga na mlinzi wako binafsi, ule unafuu haupo tena. Ndiyo maana nasema bora ploti ndogo upande uliokwisha jaa kuliko kubwa upande unaosubiri.

Sasa mteremko. Hili ndilo jambo ambalo watu hulipuuza kuliko yote, na huku kwetu Buganda ndilo la kwanza kuangalia. Nchi yenyewe imeumbwa kwa vilima vyenye vichwa bapa, na kati ya kilima na kilima kuna bonde lenye mafunjo. Esteti kubwa haiwezi kukwepa umbo hilo. Kileleni utapata upepo na mandhari, pengine hata ziwa utaliona. Lakini udongo wa juu mara nyingi ni ule mwekundu mgumu wenye mawe, na kuchimba shimo la maji taka ni kazi ya siku nyingi. Maji ya bomba nayo hupanda kwa taabu. Presha ikishuka, wa kwanza kukauka ni wa juu, kwa hiyo hesabu tangi kubwa tangu siku ya kwanza.

Bondeni ni kinyume chake. Udongo ni laini, ploti ni tambarare, fundi anafurahi. Kisha mvua za Machi zinafika. Maji yote ya kilima yanateremkia kwako, shimo la maji taka linajaa kutoka chini kwa sababu maji ya ardhini yako karibu, na mbu hawaondoki. Zaidi ya hapo kuna sheria. Hati iliyotolewa kwenye kinamasi baada ya Katiba ya 1995 inaweza kufutwa, na mamlaka ya mazingira, NEMA, imeonyesha kwamba haitishi tu: mwaka 2024 nyumba za watu zilibomolewa kwenye kinamasi cha Lubigi. Ufukweni mwa Ziwa Victoria, kanuni za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka majini. Wengi waliona kanuni hiyo ni maneno tu, hadi Mei 2020 ziwa lilipopanda likavuka rekodi yake ya 1964, na maji yakaingia kwenye majengo ya ufukweni kuanzia Entebbe hadi Jinja. Anayekuuzia upande wa esteti unaotazama ziwa mwulize mita, kisha mpeleke mpima ardhi wako mwenyewe akazihakikishe.

Mimi nachagua katikati ya mteremko, na hata hapo natazama juu yangu. Je, mwenye ploti ya juu ameziba ua wote kwa zege? Maji yake yanaelekea wapi? Kuna mtaro barabarani, na mtaro huo unaishia wapi? Mtaro unaokatika mbele ya ploti tupu utamwaga maji kwenye ploti hiyo, na huenda tupu yenyewe ndiyo unayouziwa. Nenda mvua ikinyesha, Aprili au Oktoba, uvae viatu vya mpira, utembee kutoka kileleni hadi bondeni. Dalali atakuambia msubiri kukauke. Usisubiri.

Wifi yangu anatafuta ploti mwaka huu, na tumezunguka naye kwenye esteti moja barabara ya Entebbe. Alipendezwa na upande wa chini. Akaniambia, "Wifi, hapa ni nafuu kwa milioni ishirini, na ni tambarare." Nikamwuliza, "Na zile nyasi ndefu pale kwenye kona ni nyasi gani?" Yalikuwa mafunjo. Dalali alisema yatafyekwa. Kufyeka mafunjo hakubadilishi mahali maji yanapokwenda.

Kuna suala la hati pia, na hapa ndani ya esteti moja tofauti huwa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Katiba yetu, ibara ya 237, inatambua umiliki wa aina nne: wa kimila, wa kudumu, wa mailo na wa kukodi. Mailo ilizaliwa na Mkataba wa Buganda wa 1900, ardhi ikagawiwa kwa maili za mraba, na warithi wakaendelea kuigawa. Kampuni ikitaka mamia ya ekari hainunui kutoka kwa mtu mmoja. Inanunua kipande kwa huyu mwaka huu na kipande kwa yule mwaka ujao. Kwa hiyo awamu ya kwanza inaweza kuwa na hati safi zilizokwisha gawanywa, na awamu ya nne ikawa bado iko chini ya hati mama ya kampuni, tena hati hiyo imewekwa rehani benki. Kampuni ikishindwa kulipa deni, benki haitajali kwamba wewe ulilipa ploti yako yote.

Na kuna wenye bibanja, yaani watu wenye mashamba na makazi juu ya ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. Sheria ya Ardhi ya 1998 inawalinda waliokuwa wakiikalia ardhi kihalali, au waliokuwa wameikalia kwa miaka 12 na zaidi kabla ya Katiba, na tangu marekebisho ya 2010 mwenye kibanja haondolewi bila amri ya mahakama, nayo hutolewa kwa sababu ya kutolipa busuulu, ada ya mwaka kwa mwenye ardhi, na si vinginevyo. Ukiona mgomba uliotunzwa, kaburi au kibanda chenye moshi ndani ya upande unaouziwa, pale kuna mtu mwenye haki. Mtafute, mwamkie, mwulize kama kampuni imemlipa. Si kwa ajili ya usalama wa hati yako tu. Sitaki nyumba yangu isimame juu ya migomba ya mama ambaye hakulipwa, na sidhani kwamba wewe unataka.

Fanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, kwa namba ya ploti yako yenyewe, na si kwa jina la esteti. Zungumza na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mpima ardhi akuonyeshe mawe ya mipaka yote manne kwa mguu. Na wasomaji wangu wa Kenya, Tanzania na Kongo wanaoishi Kampala wajue: asiye raia wa Uganda hapati mailo wala umiliki wa kudumu, anapata ardhi ya kukodi, isiyozidi miaka 99. Kwa hiyo kwao upande wenye hati za kukodi ndio pa kuanzia.

Kuhusu njia sitasema mengi. Pima safari kutoka mlangoni kwako, maana kutoka langoni hadi nyuma ya esteti kubwa kunaweza kuwa kilomita mbili za kupanda, na esteti nyingine hazimruhusu mtu wa boda kuingia. Mwenye gari hasikii uchungu huo. Dada wa kazi na watoto wa shule ndio wanaousikia, kila siku, juani na mvuani. Wa upande wa Entebbe wahesabu pia ile barabara kuu mpya iliyofunguliwa 2018 na kuanza kulipiwa Januari 2022. Gari dogo kutoka Busega hadi Mpala ni shilingi 5,000, na kurudi ni hizo tena. Ukiikwepa, foleni ya Kajjansi kwenye barabara ya zamani inakungoja.

Jambo ambalo hakuna ofisi ya mauzo itakayokuambia ni nani anaishi pale. Nyumba nyingi nzuri kwenye esteti zetu zimejengwa na ndugu zetu wa kyeyo, yaani waliokwenda kutafuta kazi ng'ambo, walio Dubai, London, Boston. Wamejenga kwa jasho na nawaheshimu. Lakini mtaa wa nyumba kumi zenye mageti yaliyofungwa mwaka mzima si mtaa wa kulea watoto. Nenda saa moja na nusu jioni uhesabu taa. Palipo na taa nyingi, kelele za watoto na mtu anayeuza chapati nje ya lango, pana ulinzi ambao askari watatu hawawezi kukupa. Utasikia pia lugha: Luganda, Kinyankole, Kiarabu cha Sudan Kusini, na langoni Kiswahili, kwa sababu askari ametoka Arua, fundi ametoka Goma, na ndicho wanachoelewana wote. Baraza la Mawaziri lilikubali Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi. Kwenye malango yetu kilikuwa kimeshaanza kazi.

Mwisho tafuta chama cha wakaazi. Kwa magorofa, Sheria ya Kondominiamu ya 2001 inalazimisha kuwe na chombo cha wenye nyumba. Kwa nyumba za kujitegemea chama husimama kwa mkataba na kwa utashi wa majirani, na hutofautiana upande hadi upande ndani ya esteti ile ile. Taka ndiyo kipimo changu. Tangu lundo la taka la Kiteezi, dampo la Kampala, lilipoporomoka Agosti 10, 2024 na kuua makumi ya watu, suala la taka za Kampala na Wakiso zinakokwenda limekuwa zito zaidi. Upande ambao majirani wamekubaliana nani anazichukua, siku gani na kwa shilingi ngapi, ni upande unaoweza kukubaliana pia kuhusu mtaro, taa za barabarani na kelele za spika usiku.

Wifi aliuliza habari za chama na taka pande zote mbili za esteti ile. Upande wa juu mweka hazina wa chama, mzee mstaafu wa posta, alimletea daftari lenye michango na majina ya wanaodaiwa. Upande wa chini hapakuwa na wa kumwuliza. Ofisi ilisema chama kitaundwa awamu ikijaa. Sasa anafanya upekuzi wa hati ya ploti moja katikati ya mteremko, ndogo kuliko aliyoitaka, na amemwambia muuzaji kwamba hatatoa hata shilingi ya kwanza kabla hajaiona ikinyeshewa.