Seva ya Barua Pepe Ikilemewa: Kupandisha Mipaka au Kutafuta Chanzo?

Kila seva ya barua pepe inapolemewa, wasimamizi hugawanyika pande mbili. Simu zinaita, watumiaji wanalalamika kwamba sanduku halifunguki, nywila inakataliwa bila sababu, barua ya saa moja iliyopita haijaonekana. Upande mmoja husema: pandisha mipaka. Usanidi uliokuja na programu ulikadiriwa kwa seva ndogo, basi ongeza idadi ya michakato, ongeza miunganisho, ongeza RAM, kazi iendelee. Upande wa pili husema: usiguse namba yoyote mpaka ujue kinachosubiriwa ni nini. Mimi niko karibu zaidi na upande wa pili, ila si kwa kila jambo, na naona upande wa kwanza unadharauliwa hata pale ulipo na haki kabisa.

Nazungumzia Dovecot, kwa kuwa ndiyo inayowapa watumiaji barua zao katika seva nyingi za Linux, iwe kwa POP3, itifaki ya kuchukua barua na kuzipeleka kwenye kifaa, au kwa IMAP, ya kuzisoma zikiwa bado kwenye seva. Iliandikwa na Timo Sirainen wa Ufini na ikatolewa mara ya kwanza mwaka 2002.

Haki ya wanaopandisha mipaka iko hapa. Katika toleo la 2.3, ambalo bado linafanya kazi kwenye seva nyingi, default_process_limit, kikomo cha michakato kwa kila huduma, ni 100. Mchakato wa imap-login, ule unaompokea mtumiaji mpaka nywila yake ihakikiwe, huhudumia muunganisho mmoja tu. Muunganisho ukiwa umesimbwa kwa TLS, mchakato huo hauondoki mtumiaji akishaingia. Hubaki katikati ukisimba na kusimbua hadi atoke. Kwa hiyo muunganisho wa 101 unafungiwa nje hata kama kichakataji hakina kazi na nusu ya RAM iko wazi. Logi inasema wazi: process_limit (100) reached, client connections are being dropped. Seva hii haijachoka. Imekatazwa kufanya kazi, na kuipa ruhusa ndiyo dawa yenyewe.

Hali ni hiyo hiyo kwa mail_max_userip_connections, kikomo cha miunganisho, ambayo ni 10 kwa kila mtumiaji kutoka anwani moja ya IP. Programu ya barua ya Thunderbird peke yake inaweza kushikilia miunganisho 5 kwa akaunti moja. Chukua ofisi ambayo wafanyakazi watatu wanafungua akaunti moja ya maulizo ya wateja, wote wakitoka kwenye intaneti kwa anwani moja: tayari ni 15. Wa tatu anakataliwa, anaamini nywila imebadilishwa, anaanza kuijaribu upya tena na tena. Pengine fail2ban, programu inayofungia anwani zinazokosea nywila mara nyingi, nayo inamwona ni mvamizi na kuifungia anwani ile, na sasa ofisi nzima iko gizani kwa sababu ya namba moja kwenye faili la usanidi. Kisha kuna inotify, njia ambayo kerneli, kiini cha Linux, huitumia kuiambia Dovecot kwamba barua mpya imeingia. Kwa kerneli nyingi, fs.inotify.max_user_instances ni 128 kwa mtumiaji mmoja wa mfumo. Kwa kuwa masanduku yote kwa kawaida ni mali ya mtumiaji mmoja, vmail, hizo 128 huisha mapema. Hapo Dovecot hairipoti kosa kwa mteja. Huacha tu kutumia inotify, na barua mpya huchelewa kuonekana kwenye simu. Anayesema "tafuta chanzo kwanza" akakaa siku mbili kuchunguza mtandao wakati logi imeshataja kikomo kwa jina, huyo anapoteza muda wa watu.

Lakini hoja hii inaishia pale diski inapoanzia, na diski ndiyo inayouma kwenye seva nyingi za barua.

Wengi huanza kwa kutazama mzigo kwenye amri ya uptime. Wanaona 60, wanasema kichakataji kimezidiwa, wanaomba mashine kubwa zaidi. Linux haihesabu mzigo hivyo. Pamoja na michakato inayotumia kichakataji au kukingojea, inahesabu pia ile iliyolala usingizi usiokatizwa, hali ya D, ambayo mara nyingi ni kungoja diski au NFS, yaani mafaili yaliyo kwenye mashine nyingine ya mtandao. Mzigo wa 60 unaweza kuwa watu 60 wanaongoja diski moja huku kichakataji kikiwa bure kwa asilimia 90. Safu ya b kwenye vmstat inaonyesha hao waliokwama. Iostat -x inaonyesha kila ombi linakaa milisekunde ngapi kabla ya kujibiwa. Na tangu kerneli ya 4.20, faili la /proc/pressure/io linaeleza moja kwa moja ni sehemu gani ya muda kazi zimesimama zikingoja diski. Hilo la mwisho ningependa kila msimamizi alizoee, kwa sababu linajibu swali lenyewe: nani anasubiri nini.

Sasa pandisha mipaka katika hali hiyo uone. Waliokuwa wakikataliwa mlangoni wanaingia ndani, na kila mmoja anapata mchakato wake wa imap. Kila mchakato unachukua RAM, na RAM hiyo inatolewa kwenye kashe ambayo kerneli iliitumia kuhifadhi faharasa za masanduku. Faharasa zikitoka kwenye kashe, inabidi zisomwe upya kutoka diski ile ile iliyolemewa. Programu za simu zinachoka kungoja, zinakata na kuunganisha upya, huku michakato ya zamani ikiwa bado haijafa. Kikomo cha 100, kwa ubaya wake wote, kilikuwa kinawalinda wale 100 wa kwanza. Ukikiondoa bila kugusa chanzo, wote, tuseme ni 400, wanapata huduma mbovu kwa usawa.

Chanzo kinachosahauliwa kuliko vyote ni POP3 yenye chaguo la kuacha nakala kwenye seva. Watu hudhani POP3 ni nyepesi kwa sababu ni ya zamani. Ni nyepesi kweli, mradi barua ichukuliwe na kufutwa. Lakini mhasibu mwenye barua 40,000 kwenye kikasha, ambaye programu yake inauliza kila dakika moja, anaitaka seva iorodheshe zote 40,000 kila dakika, ili tu ijulikane kama kuna moja mpya. Na kuna jambo la undani zaidi. POP3 inataka ukubwa wa barua uhesabiwe kana kwamba kila mstari unaisha kwa herufi mbili, CR na LF, ilhali kwenye diski ya Linux mstari kwa kawaida huisha kwa LF peke yake. Ukubwa wa faili si jibu. Jibu linapatikana kwa kuisoma barua yote na kuhesabu mistari. Dovecot hujiepusha na kazi hiyo kwa kuhifadhi hesabu kwenye faharasa, na kwa kuiandika kwenye jina lenyewe la faili la Maildir, mpangilio ambao kila barua ni faili lake, kwenye sehemu zinazoanza na S= na W=. Ila kama Postfix, programu inayopokea barua kutoka nje, ndiyo inayoziweka barua moja kwa moja kwenye Maildir, majina hayo hayana hesabu, na Dovecot inalazimika kufungua kila barua mpya mteja anapouliza. Kuhamisha uwasilishaji ili Postfix iikabidhi Dovecot barua kwa LMTP, itifaki ya kukabidhiana barua ndani ya seva, hurekebisha hilo, kwani faharasa inasasishwa barua inapoingia. Ni badiliko la mistari michache, na naliona lina thamani kubwa kuliko RAM ya ziada.

Kuna pia pop3_no_flag_updates, inayoizuia seva kuandika alama ya "imesomwa" kwa kila barua iliyochukuliwa kwa POP3. Kwenye Maildir alama hizo ni kubadilisha majina ya mafaili, kwa hiyo akiba ya diski ni ya kweli. Gharama yake ni kwamba anayetumia POP3 ofisini na kufungua barua kupitia kivinjari akiwa nyumbani atakuta kila kitu kinaonekana hakijasomwa. Ukiiwasha, waambie watumiaji mapema.

Kuhusu mbox, mpangilio wa kuweka barua zote za sanduku katika faili moja, sina mengi. Kufuta barua moja ya mwanzoni kunaweza kulazimu faili lote kuandikwa upya, na kwa sanduku la gigabaiti 2 hakuna namba ya usanidi itakayokuokoa. Hama. Na ushauri wa noatime, wa kuizuia kerneli isiandike muda kila faili linaposomwa, unaorudiwa mpaka leo umepoteza nguvu yake nyingi tangu kerneli ya 2.6.30 ya mwaka 2009 ilipofanya relatime, inayopunguza maandishi hayo, kuwa ya kawaida.

Palipo na mvutano wa kweli ni mail_fsync, mpangilio wa lini maandishi yalazimishwe kufika diskini. Kwa kawaida ni optimized: Dovecot huitaka kerneli ithibitishe kwamba maandishi muhimu yamefika kwenye diski. Ukiweka never, diski inapumua mara moja na seva inaonekana mpya. Wanaoitetea wanasema kuanguka kwa ghafla ni nadra kwenye kituo cha data chenye umeme wa akiba, na hilo ni kweli. Lakini seva nyingi huku kwetu hazikai kwenye kituo cha data. Ziko kwenye chumba cha nyuma cha ofisi, na UPS ambayo betri yake haijabadilishwa tangu inunuliwe. Seva ikishajibu 250, yaani "nimepokea", aliyetuma anaifuta nakala yake kwenye foleni. Kwa kawaida kerneli inaweza kuyashikilia maandishi kwenye RAM kwa takriban sekunde 30 kabla ya kuyasukuma diskini. Umeme ukikatika katikati, barua imepotea na hakuna upande wowote utakaopata taarifa. Njia ya kati ipo: never kwa IMAP na POP3, optimized kwa LMTP. Inalinda barua zinazoingia, na ndicho kiwango cha mwisho ninachoweza kukubali. Hata hivyo, barua zilizotumwa na rasimu ambazo programu ya mtumiaji inazipakia kwa IMAP zinabaki bila ulinzi huo. Kwa ofisi ya mawakili au hospitali ningekataa kabisa, na ningetumia fedha kununua SSD ya kuwekea faharasa.

Kuna badiliko jingine linaloshauriwa mno: kuufanya mchakato mmoja wa imap-login uhudumie watumiaji wengi kwa kuweka service_count = 0. Linapunguza matumizi ya RAM na linafaa pale simu zinapokata na kuunganisha kila mara kwa sababu ya mtandao dhaifu. Ila kumbuka Heartbleed ya Aprili 2014, tundu la OpenSSL, maktaba ya usimbaji, lililomruhusu mtu wa nje kusoma vipande vya kumbukumbu za mchakato. Kwa mchakato mmoja kwa kila mtu, mshambuliaji alisoma kumbukumbu za muunganisho wake mwenyewe. Ufunguo wa siri wa seva ulikuwa hatarini bado, lakini nywila za wenzake hazikuwamo. Kwa mchakato wa pamoja, zilikuwamo. Kwa seva ya watu mia kadhaa, naona ni heri kubaki na utaratibu wa asili, kupandisha process_limit, na kutumia process_min_avail ili michakato kadhaa iwe imeshaandaliwa. Kwa maelfu mengi, hesabu inabadilika na wanaochagua mchakato wa pamoja nawaelewa.

Mwenye kunakili usanidi kutoka miongozo ya zamani aangalie toleo lake kwanza. Dovecot 2.4, iliyotoka Januari 2025 na kuingia Debian 13, haisomi usanidi wa 2.3: mail_location, mpangilio unaotaja barua zinakaa wapi, kwa mfano, imegawanywa kuwa mail_driver, mail_path na nyinginezo. Amri ya doveconf -n inaonyesha kinachotumika kweli.

Na kosa moja linaharibu vipimo vya pande zote mbili: kuiwasha upya Dovecot baada ya kila badiliko, kisha kupima papo hapo. Kwa kawaida kuwasha upya huwakata watumiaji wote. Dakika ya kwanza seva ni nyepesi kwa kuwa haina watu, na badiliko lolote, hata lisilo na maana, linaonekana limeponya. Kisha wote wanarudi kwa pamoja, na badiliko zuri linaonekana limeharibu. Tumia doveadm reload, ambayo huwaacha walioingia waendelee, badilisha namba moja tu, na ulinganishe /proc/pressure/io ya saa mbili asubuhi na ya saa mbili asubuhi ya siku ya kazi inayofuata.